Wifi Yangu na Kamera Zinazokufa kwa Mama

Wifi yangu anaitwa Ngazi, na hakuna anayemwita vinginevyo isipokuwa watoto wake, kaka yangu na mama yangu. Ukisikia ngazi ya chuma inagonga ukuta wa jirani asubuhi, jua kuna mtu aliibiwa juzi na leo anafungiwa kamera. Ni mfupi, amejaa kidogo, na ana sauti ya kuongea na watu walio mbali hata kama mmekaa meza moja. Kaka yangu ni kinyozi, mtu wa maneno machache na ya taratibu. Siku aliyomleta nyumbani kumtambulisha tulidhani binti amekosea mlango.

Nasema haya kwa upendo. Mawifi tuna haki zetu za kusemana, na mimi zangu nazitumia zote.

Kazi yake ilimwangukia tu. Alikuwa anauza simu katika duka moja, tajiri wake akaleta fundi wa kufunga kamera, kumbe fundi mwenyewe anaogopa kupanda juu. Alipofika katikati ya ngazi akaikumbatia kwa mikono miwili. Wifi, ambaye alikuwa amemshikia ngazi, akamwambia ashuke, akamnyang'anya drili akapanda yeye, na yule bwana akabaki chini anaelekeza kwa kidole. Jioni kamera zote zilikuwa ukutani. Kesho yake fundi alirudi dukani kumwomba tajiri amwachie yule binti, na tangu hapo wifi hajauza simu tena.

Anajiamini hadi anaudhi. Mteja akimuuliza kamera hizi zitakaa muda gani, mafundi wengine hujiumauma na kusema itategemea. Yeye hajiumi. Kamera nzuri ya nje, iliyofungwa na mtu anayejua anachofanya, itakaa miaka mitano hadi saba. Ya ndani, isiyoona jua wala mvua, inaweza kufika kumi. Diski inayohifadhi picha ndiyo huchoka mapema, maana haipumziki, kwa hiyo baada ya miaka mitatu au minne uanze kuiangalia kwa wasiwasi. Kikifa chochote kabla ya hapo, anasema, usimsingizie Mungu. Kamera haifi, inauawa, na muuaji lazima yupo karibu.

Ana boksi la viatu analoliita makaburini. Humo amehifadhi kamera alizozikuta zimekufa mapema, na akiwa na nafasi atakutolea mojamoja na kukuhadithia kisa chake, utake usitake. Ipo iliyoingia maji kwenye kiungio cha waya kwa sababu aliyeifunga aliona uvivu kuzungushia tepu, ndani imeota kutu ya kijani. Ipo iliyotazamishwa jua la alasiri chini ya bati, ikaiva. Kipenzi chake ni ile ya buibui. Kamera za usiku zina taa ndogo nyekundu kuzunguka jicho, taa hizo huwavutia wadudu, wadudu humvutia buibui, na buibui wa watu alijenga kabisa. Kamera ikawa inadhani kila mguu wake ni mwizi, inarekodi mpaka asubuhi, hadi diski ikaishiwa nguvu. Mwenye nyumba alikuwa amekwisha kununua diski nyingine mbili, na hakuna aliyewaza kuchukua ufagio.

Basi mtu wa namna hiyo, mwenye mdomo wa namna hiyo, kamera zikaanza kumfia kwa mama mkwe wake.

Mama ana duka la dobi. Chumba cha mbele kuna kaunta, na hapo ndipo ninapokaa mimi, napokea nguo na kuzibana vipande vya namba. Chumba cha nyuma kuna mashine za kufulia, mbili za kukaushia, pasi za mvuke, na waya mrefu wa kutundikia makoti na suti zinazosubiri wenyewe. Kati ya vyumba hivyo viwili kuna ukuta wenye mlango ulio wazi siku zote, na kando ya mlango huo ipo meni swichi ya umeme, ile ya zamani yenye mkono mkubwa wa chuma. Mkono huo hakuna anayeugusa ila mama. Mimi ni mwanawe wa kumzaa, nimekulia humo, na sijawahi kuugusa.

Kuna sababu. Duka la kwanza la wazazi wangu liliungua. Baba aliacha pasi imewashwa, akaenda zake nyumbani akiwa na mawazo mengi, na asubuhi wakakuta kuta nne nyeusi. Hakuna aliyeumia, lakini baba hakujisamehe. Walipofungua duka hili aliweka meni swichi mahali ambapo huwezi kutoka bila kupita mbele yake, na baba alipofariki, mama akairithi. Mimi huwahi kuondoka kufuata watoto shuleni, kwa hiyo mama hufunga peke yake. Anavyofunga ni mambo yake. Sikuwahi kuuliza, na nyumbani kwetu kuna vitu haviulizwi.

Kwa mama, wifi hakuwahi kuwa na jina. Alikuwa "mke wa mwanangu". Mke wa mwanangu ameshakula? Mke wa mwanangu atakuja lini kutoa lile boksi lake sebuleni kwangu? Hakumchukia, nisimsingizie. Lakini alitaka mkwe wa sauti ya chini, akaletewa mwenye drili. Hata kumpa kazi ya kufunga kamera dukani ilibidi kaka aongee mpaka kaka mwenyewe akachoka. Wifi aliifanya kazi ile kuliko kazi zote. Nyaya alizipitisha ndani ya mabomba, viungio vyote akavifunga tepu mara mbili, kamera za nyuma akaziweka mbali na mvuke, na akaongeza betri kubwa ya akiba ili hata umeme ukikatika picha ziendelee. Alipomaliza akasimama mbele ya mama, akajipiga kifua, na kusema kamera hizi zitawaona wajukuu zako wakimaliza shule.

Mwaka haukwisha, ya kaunta ikafa.

Akaibadilisha bila neno. Ikafuata ya mlango wa nyuma, kisha hata ile mpya ya kaunta ikaanza kutoa picha za mawimbi, ikazimika. Wifi alikuwa akizifungua mezani kwake na kunionyesha. Hakuna maji, hakuna kutu, hakuna buibui. Bodi ndogo inayopokea umeme imeungua, kila moja palepale. Akaweka kifaa cha kuzuia umeme unaoruka. Kikaungua nacho. Akamwuliza mama kama umeme hukatika sana, mama akasema mtaa huu hauna shida hiyo, na ni kweli hauna. Akaangalia kwenye diski, picha za mchana na usiku zimeungana bila pengo hata moja. Basi umeme upo muda wote, akasema, na kwa mara ya kwanza nikamwona ameshika tama. Redio yangu ya kaunta nayo ilikuwa imekufa mara mbili, taa zilikuwa zinaungua kila mara, lakini nani anafanya msiba wa taa?

Mambo yakaharibika siku alipokuja bwana mmoja kudai koti lake. Mimi nilikumbuka wazi kwamba alishalichukua, nilimpa kwa mikono yangu. Yeye akaapa hajalichukua. Zamani tungefungua picha na kumwonyesha, naye angecheka na kusema amesahau. Siku hiyo kamera ya kaunta ilikuwa imekufa. Duka lilikuwa limejaa watu, na mama yangu, ambaye hajawahi kumwomba radhi hata mwenye nyumba wake, akamwomba radhi yule bwana mbele ya wote. Jioni akatuita, wifi, kaka na mimi. Alisema maneno machache tu.

"Ikifa nyingine, naleta fundi wa gari lile jeupe. Na usinikasirikie, mke wa mwanangu. Duka ni duka."

Kaka akatazama viatu vyake. Wifi akasema sawa, mama.

Kila mtu pale alielewa maana yake. Duka la mama lipo penye njia kuu, nusu ya mji huleta nguo pale. Gari jeupe la washindani wake, lenye picha ya jicho kubwa ubavuni, likisimama mlangoni petu, habari ingefika kwa wateja wa wifi kabla dereva hajazima injini: kazi yake imemshinda kwa mama mkwe wake mwenyewe, kwingine ataiweza? Na hilo lilikuwa dogo. Kubwa ni kwamba angekaa kwenye familia yetu maisha yake yote kama mtu aliyejipiga kifua akaumbuka. Nilimwonea huruma, na nilishangaa kuona huruma hiyo inaniuma kweli.

Yeye hakulia wala hakujieleza. Alisema ameshaangalia kamera, ameshaangalia waya, sasa ataangalia duka lenyewe. Atashinda humo kutwa nzima, tangu linapofunguliwa hadi linapofungwa, maana muuaji hawezi kuwa mzimu.

Siku hiyo kaka alifuata watoto wote, wangu na wake, nami nikabaki. Wifi alishinda juu ya ngazi chumba cha nyuma, testa mkononi, anapima hiki na kile, anaimba vibaya. Hatukuona kitu. Wakati wa kufunga ulipokaribia nikatoka nje kumsubiri ili tuondoke pamoja, nikasimama kwenye kioo cha mbele. Mama aliniona nimetoka, akadhani tumetoka wote. Ngazi ilikuwa kwenye kona, nyuma ya safu ya makoti, na wifi kwa mara moja maishani alikuwa amenyamaza kwa sababu ana skrubu mdomoni.

Kupitia kioo na ule mlango ulio wazi nilimwona mama yangu akipita kwenye kila mashine. Anaweka kiganja juu yake, anasikiliza kama ina joto, anakwenda kwenye nyingine. Pasi alizigusa zote, moja baada ya moja. Hakuzima swichi ya mashine hata moja, nikashangaa. Kisha akaja kwenye meni swichi, akasimama mbele yake, midomo ikacheza. Alikuwa anasema kitu, na hapakuwa na mtu wa kumwambia. Akashika ule mkono wa chuma kwa mikono miwili akauvuta chini, na duka zima likawa giza. Giza lote isipokuwa vile viduara vya taa nyekundu kwenye kona, kamera zikiendelea kutazama kwa nguvu ya betri.

Wifi alibaki juu ya ngazi kimya kama maji mtungini hadi mama alipofunga mlango wa mbele na kuondoka bila kuniona, maana nilikuwa nimejibanza kwenye ukuta kama mwizi. Nilimfungulia kwa funguo zangu. Nilitegemea atatoka anapiga kelele za ushindi. Alitoka taratibu.

Akanieleza tukiwa njiani. Kila jioni mama huzima duka lote, na betri huzibeba kamera usiku kucha peke yake, ndiyo maana picha hazina pengo. Alfajiri betri imebaki hoi. Asubuhi mama anapandisha meni swichi, na kwa kuwa mashine zote zimeachwa kwenye kuwaka, zinaamka zote kwa pamoja, za kufulia, za kukaushia, pasi, zote zinavuta umeme kwa mkupuo, na umeme unayumba na kuruka. Mashine kubwa hazijali. Kamera ndogo hupigwa kofi kila asubuhi iendayo kwa Mungu, na siku moja haziamki.

"Kwa hiyo ni mama," nikasema.

"Ni mama."

Nikamwuliza alikuwa anasema nini pale mbele ya swichi, yeye alikuwa karibu lazima alisikia. Wifi yangu, ambaye hana siri hata ya umri wake, akaniambia hayo si ya kamera.

Sasa tatizo lilikuwa jingine. Utamwambiaje mama mkwe, mwanamke aliyeomba radhi kwa sababu ya kamera zako mbele ya mji, kwamba muuaji ni yeye? Mimi nilishauri uongo. Nilimwambia atengeneze kimyakimya, aseme alikuta waya mbovu, yaishe. Wifi akaniangalia kwa jicho la pembeni. Alisema akisema waya ulikuwa mbovu, basi ni yeye aliyefunga waya mbovu, na jambo hilo halikutokea. Halafu asubuhi mama atapandisha swichi vilevile na redio yangu itakufa mara ya tatu.

Alikwenda kesho yake, kabla ya kufungua, nami nikamfuata nyuma. Hakwenda na boksi la makaburini wala testa. Alimkuta mama anashika kitasa, akamwomba asiwashe kwanza, akamwambia mkavu, kwa sauti ya chini ambayo sikujua anayo.

"Mama, kamera zinakufa asubuhi, ukiwasha. Zote zikiamka pamoja, ndogo zinaungua."

Mama aliachia kitasa. Akauliza, "Umejuaje kwamba nazima?"

"Jana nilikuwa juu ya ngazi. Sikukusudia. Nilikuona."

Uso wa mama ulibadilika. Nilijua hakuwa anafikiria kamera.

"Sikwambii uache kuzima," wifi akasema. "Uzime kila siku. Hata mimi ningezima. Nipe siku ya leo tu, nizitenganishe na ule mkono wako."

Mama akaingia ndani. Akavua kanga ya begani, akaikunja, akaketi kwenye kiti changu cha kaunta. Mwishowe akasema, bila kumtazama, afanye anavyojua.

Alifanya. Alivuta waya wa kamera kutoka kabla ya meni swichi, akaupa breka yake, swichi ndogo ya kuulinda, na kisanduku cha intaneti akakiweka kwenye waya huohuo. Betri ikabaki kwa ajili ya siku umeme utakapokatika kweli. Akamwonyesha mama jinsi ya kuzima kila mashine kwa swichi yake kabla ya kushusha meni, na asubuhi kuziamsha moja moja, kwanza taa, kisha pasi, kisha wakubwa. Mama alisikiliza akiwa amekunja mikono. Alipomaliza, mama alisema kwamba hiyo njia inachelewesha. Lakini niliporudi asubuhi nilimkuta anaziamsha moja moja.

Mvua zikaja zikaisha. Joto likaja. Yule bwana wa koti akarudi na koti lingine, na safari hii akatazama juu kwenye kamera kabla ya kufungua mdomo. Hakuna kamera iliyokufa. Redio yangu inaimba hadi leo. Gari jeupe lilipita mara nyingi penye njia kuu na halikusimama. Wifi, kama mjuavyo, alirudia sauti yake ya kawaida ndani ya wiki moja, na kwenye simu ya mama akaweka picha za duka ili awe anatazama akiwa nyumbani. Mama akasema hana haja nazo. Kaka alimfuma anazitazama wakati wa chakula.

Kisha dada yake mama, aliye mbali, akavunjika mguu, na mama ikabidi aende kumuuguza. Jioni kabla ya safari tulikuwa dukani sote watatu. Nilijua kitakachofuata. Mimi ndiye binti, mimi ndiye niliyeshinda kwenye kaunta ile miaka yote, na nilikuwa nimekwisha kujiandaa kusema usijali mama.

Mama alimshika wifi mkono akampeleka mbele ya meni swichi.

"Utafunga wewe," alimwambia. "Unajua panavyofungwa."

Nitasema kweli, iliniuma. Wivu ulinipanda, nikawa nakunja shuka ambalo lilikuwa limekunjwa tayari. Mama aliondoka alfajiri, na kutwa ile nilimsemesha wifi kwa mkato, naye akaniacha nimalize hasira zangu.

Jioni sikwenda kufuata watoto. Nilisimama penye mlango wa mbele na funguo mkononi nimwone atakavyofanya. Wifi alipita kwenye kila mashine na kuizima kwa swichi yake, kisha akaweka kiganja juu yake na kusikiliza. Hakuwa na haraka, na hakuimba. Akazigusa pasi. Akaja mbele ya meni swichi, akasimama kidogo, na safari hii nilikuwa karibu, nikasikia.

"Tumefunga, mzee," akasema.

Ni neno la baba yangu. Enzi hizo yeye ndiye aliyekuwa akivuta mkono ule, na kila jioni alimwambia mama, aliyekuwa akimsubiri hapo mlangoni niliposimama mimi, "Tumefunga, mama." Nilikuwa nimelisahau. Mama alikuwa akimrudishia neno hilo kila jioni miaka yote tangu amzike, peke yake, na mimi nikiwa njiani kwenda kufuata watoto. Machozi yalinitoka bila kuniomba ruhusa.

Wifi akavuta mkono wa chuma. Giza likaingia, zikabaki zile taa nyekundu kwenye kona, na simu yake ikalia. Akaiweka sauti ya nje kwa sababu ndivyo alivyo, hajui kuongea na simu kimya kimya. Mama hakusalimia.

"Mwanangu," alisema, "pasi ya mwisho, ile ya dirishani, hujaigusa."

Wifi alisimama na simu mkononi kama aliyesahau njia. Halafu akarudi nyuma gizani, akipapasa makoti, akaigusa pasi ya dirishani, na mimi nikamshikia mlango.